Vikorombwezo vya barua pepe: orodha ya wateja ni ya nani?

USHINDANI kati ya kampuni zinazouza programu za kutuma barua pepe za matangazo umefikia mahali ambapo mfanyabiashara mdogo ni vigumu kutofautisha bidhaa moja na nyingine. Kila baada ya miezi michache hutangazwa kikorombwezo kipya: programu inayoandika yenyewe kichwa cha barua kwa akili mnemba, inayochagua saa ya kutuma, inayomkumbusha mteja bidhaa aliyoiweka katika kikapu cha duka la mtandaoni kisha akaondoka bila kulipa, au inayojiunganisha na duka, daftari la hesabu, simu na WhatsApp, ili kinachoingia upande mmoja kionekane papo hapo upande wa pili.

Haya si mambo ya kubeza. Mwenye duka aliyekuwa akinakili anwani za wateja kwa mkono kila jioni ameokolewa saa nyingi za kazi. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo wauzaji wa programu hawaliweki mbele, na wanunuzi wengi hawaliulizi mpaka maji yamewafika shingoni. Siku ambayo muungano huo utavunjika, orodha ya wateja itabaki kwa nani?

Kwa Afrika Mashariki swali hili haliwahusu wote kwa uzito ule ule. Muuza nguo wa Kariakoo au Gikomba anawapata wateja wake kwa simu na WhatsApp, na barua pepe kwake ni kitu cha benki na mamlaka ya mapato. Lakini hoteli ndogo ya Nungwi, kampuni ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, msafirishaji wa kahawa na kikundi kinachouza vikapu nje ya nchi wana wateja Ujerumani, Uingereza na Marekani, na wateja hao husoma barua pepe. Kwa biashara za namna hiyo, majina 3,000 ya watu waliokwisha kuja mara moja na kulipa yanaweza kuwa mtaji mkubwa kuliko gari la kampuni. Gari likiharibika linapelekwa gereji. Orodha ikipotea haina gereji.

Tukio la kujifunzia lipo, tena si la zamani sana. Mailchimp, kampuni ya Atlanta iliyoanzishwa mwaka 2001, ilikuwa ndiyo programu iliyozoeleka zaidi kwa wafanyabiashara wadogo. Shopify ya Kanada ilikuwa imejijengea jina kwa kuwapa watu kama hao maduka ya mtandaoni. Programu hizo mbili ziliunganishwa: mteja akinunua kwenye duka la Shopify, jina lake na alichonunua viliingia Mailchimp, na barua ya shukrani au ya kumrudisha dukani ikatoka bila mtu kugusa kitu. Maelfu ya wenye maduka walijenga biashara yao juu ya daraja hilo.

Machi 2019 daraja lilivunjwa. Shopify ilisema Mailchimp inakataa kurudisha kwenye duka taarifa za wateja zilizopatikana kupitia Mailchimp, pamoja na taarifa za nani amejiondoa asiandikiwe tena, na kwamba jambo hilo linawaumiza wenye maduka. Mailchimp ikajibu kwamba masharti mapya ya Shopify yangeiumiza biashara yake na kuwaweka watumiaji wake hatarini, kwani taarifa hizo si za Mailchimp kuzigawa. Kila upande ulisema unamtetea mfanyabiashara. Mfanyabiashara mwenyewe hakuulizwa. Alipewa majuma machache, hadi Mei mwaka huo, kutafuta njia nyingine.

Ukiangalia kilichofuata, sababu ya ugomvi inaonekana bila kuhitaji mchambuzi. Mailchimp ilikuwa imenunua LemonStand, kampuni ya maduka ya mtandaoni iliyokuwa ikishindana na Shopify, na Mei 2019 ikajitangaza kuwa si tena ya barua pepe tu bali ya masoko kwa jumla. Novemba mwaka huo huo Shopify ikatoa huduma yake yenyewe ya barua pepe. Walikuwa wauzaji wawili waliokuwa wakigombea meza moja sokoni, na kilichokuwa juu ya meza ni majina ya wateja wa watu wengine.

Katika kipindi hicho walioathirika walitumia viunganishi vya kampuni za tatu, ambavyo vingine vilifanya kazi na vingine vilikuwa kichwa cha kuuma. Oktoba 2021, baada ya miaka miwili na nusu, Shopify na Mailchimp waliungana tena kana kwamba hapakuwa na lolote. Kwa mkubwa, miaka miwili na nusu ni muda wa mazungumzo. Kwa duka dogo ni misimu miwili ya sikukuu za mwisho wa mwaka.

Wengi walidhani baada ya hapo watu wamejifunza. Wapi! Kila tangazo la muungano mpya hupokelewa kwa shangwe ile ile, na maswali yanayoulizwa ni ya bei na urahisi.

Na bei nayo ina yake. Mwaka 2009 Mailchimp ilifungua mlango wa kutumia bure, na kwa miaka mingi mwenye majina yasiyozidi 2,000 alituma barua zake bila kutoa senti. Ilikuwa ni mbinu nzuri ya biashara, na hakuna wa kuilaumu. Mteja alilelewa bure mpaka akakua. Mei 2019 ulikuja utaratibu mpya wa malipo ambao katika hesabu yake uliwaingiza hata watu waliokwisha kujiondoa. Mwaka 2022 kiwango cha bure kikashushwa kutoka majina 2,000 hadi 500.

Chukua mfano wa kampuni ya utalii ya Moshi yenye majina 3,000, na tuseme 900 kati yao walikwisha kuomba wasiandikiwe. Barua zinakwenda kwa watu 2,100, lakini hesabu ya malipo inasoma 3,000 mpaka mwenye akaunti aingie mwenyewe awahamishe hao 900 kwenye kumbukumbu au awafute. Kampuni analipa kwa watu ambao kisheria haruhusiwi kuwaandikia. Asiyejua hilo analipa mwezi hadi mwezi, na wauzaji wa programu si watu wa kupiga simu kumwambia mteja kwamba anawalipa zaidi ya anavyopaswa.

Zipo kampuni zinazotoza kwa njia nyingine. Brevo ya Ufaransa, iliyojulikana kwa jina la Sendinblue hadi 2023, ilijijengea soko kwa kutoza kwa idadi ya barua zinazotumwa badala ya idadi ya majina. Kwa hoteli inayoandika mara nne kwa mwaka tofauti hiyo si ndogo, na kwa duka linaloandika kila juma huenda mambo yakawa kinyume. Ni hesabu ya dakika kumi kwa kalamu na karatasi, na ajabu ni wachache wanaoifanya kabla ya kutoa namba ya kadi.

Tena malipo ni kwa dola. Dola moja iliyokuwa karibu shilingi 2,300 za Tanzania mwaka 2022 ilipita shilingi 2,700 mwaka 2024 kabla ya kushuka. Kenya ilifika karibu shilingi 160 Januari 2024, kisha ikarudi karibu 130. Kampuni ya utalii inayopokea dola haikuhisi sana. Anayeuza kwa shilingi na kulipa programu kwa dola alipandishiwa bei bila muuzaji kubadili hata tarakimu moja kwenye tovuti yake.

Sasa kuhusu takwimu ambazo programu hizi huonyesha kwa rangi na michoro ya kupendeza. Kwa miaka mingi kipimo kikuu kilikuwa idadi ya waliofungua barua. Kipimo hicho hutegemea kipicha kidogo kisichoonekana kilichofichwa ndani ya barua. Msomaji akifungua, picha inaitwa kutoka kwenye kompyuta ya muuzaji wa programu, na muuzaji anaandika kwamba fulani amefungua. Septemba 2021 kampuni ya Apple ilitoa toleo la 15 la mfumo wa simu zake likiwa na kinga mpya ya faragha: kwa aliyeikubali, picha zote hupakuliwa mapema na mitambo ya Apple, mtu afungue barua au asifungue.

Matokeo yake ni hesabu kama hii. Barua 1,000 zimetumwa. Waliozisoma kweli ni 200. Kati ya wapokeaji, 400 wanatumia kisanduku cha Apple chenye kinga, na katika hao waliosoma ni 80. Waliobaki 120 waliosoma wako kwenye simu na kompyuta nyingine. Ikiwa mitambo ya Apple imepakua picha za barua zote 400, programu itaandika waliofungua 520. Mwenye hoteli ataambiwa asilimia 52 ya wageni wake wamesoma tangazo la punguzo, wakati ukweli ni asilimia 20. Kwa wenye wateja wa Ulaya na Marekani, ambako simu za Apple ni nyingi, kosa hilo si la kufumbia macho.

Ubaya ni pale vikorombwezo vipya vinapojengwa juu ya kipimo hicho hicho. Programu inayochagua saa nzuri ya kutuma kwa kuangalia mtu alifungua lini, inaweza kuwa inajifunza saa za mitambo ya Apple. Programu inayotuma barua ya pili kwa wale ambao hawakufungua ya kwanza itawaruka watu walioandikwa kuwa wamesoma ilhali hawakusoma. Baadhi ya kampuni zimeweka njia ya kuwatenga watumiaji wa Apple katika hesabu, na hizo zinastahili sifa. Lakini kipimo kisichodanganya ni kile alichokuwa nacho babu mwenye duka: nani amejibu, nani ameweka nafasi, nani amelipa. Hapo ndipo kuunganisha barua na mauzo kuna maana ya kweli, na ndiyo sababu muungano wa duka na barua pepe hauwezi kupuuzwa hata na mwenye mashaka.

Mwaka 2024 ulileta jambo jingine, safari hii kutoka kwa wenye visanduku vyenyewe. Kuanzia Februari mwaka huo Google na Yahoo zilianza kutumia masharti mapya kwa watumaji wakubwa. Kwa upande wa Gmail ni wale wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku. Mtumaji athibitishe kwamba barua inatoka kweli kwenye domeini yake, kwa taratibu zinazoitwa SPF, DKIM na DMARC. Aweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja na kuitekeleza ndani ya siku mbili. Na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3, yaani watu watatu katika kila barua 1,000.

Mfanyabiashara mdogo anaweza kusema hatumi 5,000 kwa siku, hivyo hayamhusu. Yanamhusu kwa mlango wa nyuma. Wako wengi wanaotuma matangazo kupitia programu hizi huku anwani ya mtumaji ikiwa ya Gmail ya bure. Google ilikaza pia kanuni dhidi ya barua zinazodai kutoka Gmail wakati zimetoka kwingine, na barua za namna hiyo huishia kwenye shimo la barua taka. Dawa yake ni biashara kuwa na domeini yake. Gharama ya domeini kwa mwaka haifiki bei ya chakula cha jioni cha wageni wawili hoteli ya Stone Town, na bado utakuta kampuni yenye magari sita ya safari inajitambulisha kwa anwani ya bure. Mwenye domeini yake akihama programu anahama na jina lake; asiye nayo anaanza upya kujulikana.

Kuhusu akili mnemba ya kuandika barua, hapana haja ya maneno mengi. Inafaa kwa Kiingereza cha kawaida, na kwa sababu kila mtu anayo, barua za kila mtu zimeanza kufanana.

WhatsApp ni habari nyingine, na hapa ndipo soko la kwetu linapoingia. Brevo imekwisha kuweka WhatsApp ndani ya programu yake, na wenzake nao wamefuata au wanafuata. Kwa muuzaji mwenye wateja Dar es Salaam au Mombasa, hiki ndicho kikorombwezo chenye uzito kuliko vyote. Lakini ajue anaingia kwenye nyumba ya mtu. Ujumbe wa matangazo wa WhatsApp kwa njia hiyo lazima muundo wake ukubaliwe kwanza na kampuni mama, Meta, ambayo tangu Julai 2025 hutoza kwa kila ujumbe unaofika, juu ya bei ya programu yenyewe. Barua pepe haina mwenyewe mmoja. Ukigombana na muuzaji mmoja wa programu unakwenda kwa mwingine na wateja bado wanapatikana kwa anwani ile ile. WhatsApp ina mwenyewe, naye ndiye mpanga bei.

Kwa wawekezaji wadogo, wakiwamo wale wa Nairobi wanaonunua hisa za nje kwa kutumia simu, utegemezi wa namna hii una sura nyingine. Klaviyo ya Boston, iliyoanzishwa 2012, ndiyo iliyonufaika sana Shopify na Mailchimp walipotengana. Agosti 2022 Shopify ilitangaza kuweka dola milioni 100 ndani yake, na Septemba 2023 Klaviyo ikaingia soko la hisa la New York kwa bei ya dola 30 kwa hisa. Katika waraka wa kuuza hisa ilieleza bila kificho kwamba hadi mwisho wa 2022 takriban asilimia 77.5 ya mapato yake ya kila mwaka yalitoka kwa wateja ambao pia wanatumia Shopify. Mwekezaji aliyenunua hisa ya Klaviyo alinunua pia urafiki wa kampuni hiyo na Shopify, na historia ya 2019 ilionyesha Shopify hufanya nini na rafiki aliyemchosha. Kwa kumiliki sehemu ya Klaviyo, Shopify ina sababu ya kutochoka upesi. Hilo nalo liwekwe kwenye mizani.

Mailchimp nayo ilikwenda kwa mwenye daftari. Intuit, watengenezaji wa programu ya hesabu ya QuickBooks, walitangaza Septemba 2021 kuinunua kwa takriban dola bilioni 12. Mantiki ya bei hiyo ni muungano: anayejua mteja amenunua nini na kulipa lini, akiwa pia ndiye anayetuma barua, anajua mengi kuliko mwenye duka. Huenda ni faida kwa mwenye duka. Lakini kadiri vitu vingi vinavyokaa ndani ya nyumba moja, ndivyo mlango mmoja ukivunjwa hasara inavyokuwa kubwa. Machi 2022 wahalifu waliwalaghai wafanyakazi wa Mailchimp, wakaziona akaunti 319 na kuchukua orodha za wateja katika akaunti 102. Wateja wa kampuni moja ya kutunza fedha za kidijitali wakaanza kupokea barua za utapeli zilizofanana na za kampuni yenyewe. Januari 2023 ikatokea tena, akaunti 133. Kwa sheria za Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018, na sheria ya Tanzania ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, mwenye biashara hawezi kuinua mikono akisema kosa ni la programu. Yeye ndiye aliyezikusanya taarifa za wateja.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la siku hizi ni faili, na programu zote kubwa huruhusu kulitoa. Tatizo ni kwamba faili linalotoka kirahisi ni la majina na anwani. Kumbukumbu za nani alinunua nini, nani aliandikiwa mara ngapi, na mitiririko ya barua za kujituma zenyewe aliyoijenga fundi kwa miezi miwili, hivyo huwa haviingii vizuri kwenye programu nyingine. Hapo ndipo mtu anapofungwa. Majina yako yapo huru, mazoea yako yamefungwa. Kila kikorombwezo kinachotumika kinaongeza uzi mmoja kwenye kamba hiyo, na ni haki ya muuzaji kutaka iwe hivyo. Mnunuzi naye ana haki ya kujua kabla hajajifunga.

Wapo waliofungiwa mlango hata bila ugomvi. Revue, huduma ya barua za kila juma iliyonunuliwa na Twitter mwaka 2021, ilifungwa Januari 2023. TinyLetter, iliyokuwa mikononi mwa Mailchimp tangu 2011, ilifungwa mwisho wa Februari 2024. Waliokuwa na nakala za orodha zao walihama kwa jioni moja.

Kampuni za utalii za kaskazini zina nafasi nzuri ya kulifanya hilo kila mwaka. Aprili na Mei mvua za masika zinanyesha, wageni ni wachache na ofisi ina muda. Karani anayejua kompyuta anaweza kulitoa faili lote, kuwaondoa waliojiondoa kwenye hesabu ya malipo lakini akabaki na orodha yao pembeni ili wasiandikiwe tena kwa makosa, kisha akafungua akaunti ya majaribio kwa muuzaji mwingine na kuliingiza faili hilo humo, kuona nini kinapita na nini kinabaki nje. Kazi hiyo ni ya siku mbili. Ikifanyika kabla ya kulipia mwaka mwingine, mwenye kampuni atakuwa anajua thamani ya muungano anaouuziwa, na bei ya kuondoka.